Mawe ya Hewa ya Baba Mapacha

Shemeji yangu hakuzaliwa mfugaji wa samaki. Miaka yake mingi aliimaliza kwenye kiwanda cha nguo, akiangalia mitambo ya mvuke, na kiwanda kilipofungwa alirudi nyumbani na ovaroli begani kama mtu anayetoka mazikoni. Akaanza kutengeneza viti vibovu vya nyumba. Vikaisha. Akatengeneza vya majirani. Navyo vikaisha, akabaki kukaa barazani anaitazama mikono yake. Dada yangu mkubwa, mkewe, ni muuguzi kwenye kliniki ya meno. Alikuwa akimwacha kwenye kiti asubuhi na kumkuta kwenye kiti kile kile jioni. Siku moja alikuja kwenye kibanda changu cha kunyolea, akajitupa kwenye kiti cha wateja, akasema, "Mdogo wangu, nina mume na sina. Pale nyumbani kuna shati tu, limevaa mtu."

Kwa hiyo mumewe alipomwambia anataka kufuga samaki, hakubisha. Hata angetaka kufuga nyuki chumbani, nadhani asingebisha.

Watu walimwita Baba Mapacha kwa ajili ya mabinti zake wawili, ambao wakati huo walikuwa shule ya bweni. Alijenga matangi ya matofali kwenye stoo ya nyuma ya nyumba, akayapiga plasta mwenyewe, akaleta samaki wazazi. Kazi yake ilikuwa kuzalisha vifaranga, kuwakuza mpaka wafikie urefu wa kidole, kisha kuwauzia watu wenye mabwawa. Akarudi kuwa mtu. Akaanza kupiga mluzi, akaanza kubishana na redio. Dada akawa anatania mbele za wageni, "Mwenzenu nimeletewa uke wenza. Wenzangu ni maelfu, na wote mabubu." Jike mmoja, mkubwa kuliko wote, shemeji alimpa jina la Mama Mkwe kwa jinsi alivyomkodolea macho kila akiingia. Mama yetu hakulifurahia jina hilo hata kidogo.

Uhai wa stoo ile ulitegemea vitu ambavyo usingeviokota njiani. Samaki wengi ndani ya tangi dogo wanamaliza hewa iliyomo kwenye maji upesi sana, kama watu waliofungiwa kwenye sanduku. Kwa hiyo kulikuwa na pampu ya umeme iliyosukuma hewa kwenye mipira, na mwisho wa kila mpira kulikuwa na jiwe la hewa, dogo kama yai la njiwa. Si jiwe la kuchimbwa. Ni chembe za mchanga zilizogandishwa pamoja, na kati ya chembe na chembe kuna vitundu ambavyo jicho halivioni. Hewa inapita humo, inatoka nje kama vipovu vya soda iliyofunguliwa sasa hivi. Shemeji alipenda kuniweka mbele ya tangi na kuniambia, "Tazama, maji yanapumua."

Shida ilianza na maji yenyewe. Ya bomba yalikuwa yakikatika mara kwa mara, na kiangazi kilipoingia yakakatika moja kwa moja. Akaunganisha mpira kutoka kisima kirefu cha jirani. Yalikuwa maji safi kwa macho, lakini yenye chokaa nyingi, ya kuacha ukoko mweupe kwenye birika la chai. Mwanzoni hakuna aliyejali. Tulikunywa chai yenye ukoko na maisha yakaendelea.

Kisha vipovu vikabadilika. Badala ya ule moshi mwembamba wa hewa, mawe yakawa yanatoa povu moja nene hapa, jingine pale, kama mtu anayekohoa. Pampu ikaanza kuchemka kwa kusukuma kitu kisichosukumika. Shemeji aliyatoa mawe, akayasugua kwa brashi, akayaloweka kwenye siki, akayachemsha, akayaanika. Yalitoka meupe, ukiyaona ungesema ya dukani. Akayarudisha majini, yakatulia kama mawe ya kweli. Siki ilikuwa imeosha ngozi tu. Ndani, chokaa na ute wa samaki vilikuwa vimeshikamana na kuziba kila kitundu.

Alienda kwa muuza vifaa. Hakuna. Akaambiwa mzigo uko njiani, neno ambalo kila mtu aliyewahi kusubiri mzigo anajua maana yake.

Tangi la kwanza lilikufa mchana wa jua kali, maana maji yakipata moto hewa inayakimbia. Nilifika nikamkuta ameinama, anaokota vifaranga kwa chujio la chai. Alikuwa anawapanga kwenye beseni kwa mstari, kama vile kuna mtu atakuja kuwatambua.

"Shemeji," nikamwambia, "njoo ukae kidogo."

"Hawa wengine wanapanda juu," akasema. "Unawaona? Wanapanda."

Niliwaona. Kwenye matangi yaliyobaki samaki walikuwa wamejazana usoni pa maji, midomo nje, wanadaka hewa. Maelfu ya midomo midogo, inafunguka na kufumba bila sauti. Mpaka leo sipendi kukumbuka.

Tangu hapo akawa anawapa hewa kwa mikono. Anachota maji kwa jagi, anainua mkono mpaka juu ya kichwa, anayamwaga yarudi tangini kwa kishindo, maana maji yakianguka yanabeba hewa kidogo. Tangi hili, lile, lile jingine, kisha anaanza upya. Nikifunga kibanda nampokea. Dada akitoka kazini anampokea. Mabega yetu yakawaka moto. Shemeji akaacha kunyoa ndevu, jambo lililoniuma kama kinyozi, na akaacha kula, jambo lililomuuma mkewe zaidi. Ukimsemesha alijibu kitu kingine. Nilianza kuhofia kwamba tutawapoteza samaki na yeye tumpoteze palepale.

Siku moja, tukiwa mezani, dada alijaribu kumtoa kwenye mawazo kwa hadithi za kazini. Akasimulia mashine wanayooshea vifaa vya daktari: kihori kidogo cha chuma, unatia maji, unatumbukiza koleo za kung'olea meno, unawasha. "Haina brashi, haina chochote. Inalia kama mbu ndani ya kopo. Lakini damu iliyokaukia kwenye bawaba, mahali hata sindano haifiki, inatoka yenyewe kama moshi. Wanasema ni mawimbi ya sauti."

"Altrasaundi?" nikauliza. "Ile ya wajawazito?"

"Ndugu yake. Ile inatazama, hii inafua."

Shemeji alikuwa ameshikilia kijiko hewani. Akakiweka chini. "Mahali sindano haifiki," akasema.

Dada alielewa kabla yangu. "Hapana."

"Mke wangu, mawe yangu..."

"Hapana, Baba Mapacha. Usimalizie. Unataka nitumbukize ute wa samaki kwenye chombo cha vinywa vya watu? Mtoto wa mtu aje na jino bovu, aondoke na ugonjwa wa tangi lako?"

"Nitakiosha mwenyewe. Nitakichemsha."

"Ulichemsha mawe, yakawaje?"

Lilikuwa pigo baya na yeye mwenyewe alilijutia, nilimwona. Lakini hakulirudisha. Shemeji aliondoka mezani, tukasikia jagi likianza tena: paa, paa, paa.

Asubuhi dada aliondoka bila kuaga. Nikiwa nafungua kibanda, shemeji akatokea na mfuko wa plastiki mkononi, shavu amelishika.

"Nipeleke kliniki kwa pikipiki yako. Jino linaniuma."

"Na hayo mawe nayo yanaumwa meno?"

Hakucheka. "Shemeji, nipeleke." Nikampeleka. Nilijua ninachofanya, na nilijua dada atanitoa roho, lakini yale macho yake yangekushinda hata wewe.

Tulikaa kwenye benchi la wagonjwa. Dada alipotoka na faili mkononi na kutuona, alisimama kama aliyeona nyoka. Akamwita mgonjwa aliyefuata, kwa sauti nzuri kabisa, kisha akapita karibu yangu na kunibana mkono mpaka kucha zikaingia.

Zamu ya shemeji ilipofika niliingia naye. Daktari wa meno, kijana mpole mwenye barakoa, alimlaza kwenye kile kiti kirefu, akamwambia, "Mzee wangu, fungua mdomo." Shemeji akafungua. Daktari akachungulia, akasema, "Aisee, kweli hili limeoza." Hapo machozi yakaanza kumtoka shemeji, mdomo wazi, taa usoni, mfuko wa mawe juu ya tumbo. Alilia kama watoto wanavyolia, bila kujificha. Daktari akatoa vyombo vyake haraka akidhani amemchoma. Dada, aliyekuwa pembeni na trei, akageukia ukutani.

Ikabidi mimi niseme. Nilisema yote, matangi, chokaa, siki, mashine. Daktari alisikiliza mpaka mwisho, akavuta barakoa chini.

"Mzee, ile mashine siwezi kukupa. Mkeo amekwambia kweli. Ikishaoga samaki haigusi tena koleo zangu." Akafikiri. "Lakini si sisi tu tunayo. Masonara wanaoshea pete kwa mashine hiyo hiyo. Wa miwani pia. Dhahabu haipati maambukizi."

Shemeji alikuwa ameshatelemka kitini. Jino alilisahau humo humo mdomoni.

Sokoni namjua sonara mmoja, mama mnene mwenye miwani ya kukuzia, kwa sababu mumewe namnyoa mimi. Tulimkuta na bibi harusi mtarajiwa na mashangazi zake, wanachagua. Alitusikiliza kwa sikio moja. Alipoona mawe, akakunja pua.

"Yananuka."

"Ni samaki, mama," shemeji akasema. "Wanakufa sasa hivi tunavyoongea."

Sijui ni lile neno au ni ile sauti, lakini mmoja wa mashangazi alimgeukia sonara akamwambia, "Wewe nawe, si uwasaidie kwanza? Sisi harusi haikimbii." Sonara akasonya, akavuta mashine yake kutoka chini ya meza. Ilikuwa ndogo kuliko kopo la maziwa ya watoto. Yangeingia mawe matatu kwa shida.

Alitaka kutia sabuni yake ya kuoshea dhahabu, shemeji akamshika mkono. "Sabuni itabaki ndani ya vitundu. Samaki wataivuta kwenye mashavu yao, watakufa wote. Maji matupu."

"Maji matupu yatachukua muda mrefu zaidi."

"Maji matupu, mama, nakuomba."

Akawasha. Ililia kwa sauti nyembamba iliyoingia kwenye meno, na ile tuliyoisikia, sonara alituambia, haikuwa sauti yenyewe. Yenyewe iko juu mno, masikio yetu hayaifikii. Inayatikisa maji mpaka yanatoa vipovu vidogo kuliko vumbi, na kila kipovu kikipasuka kinachomoa kipande cha uchafu pale kilipo. "Brashi inaishia mlangoni," akasema. "Hii inaingia mpaka chumbani."

Tukatazama. Kwanza hakuna kitu. Kisha kutoka kwenye jiwe moja ikatoka kama pumzi ya kijivu, ikafuatwa na nyingine. Punde maji yote yakawa meupe mazito, kama maji ya kwanza ya kuoshea mchele, na bado yalikuwa yanatoka. Mashangazi walisogea kuchungulia. Shemeji alilichukua jiwe likiwa bado linadondosha maji, akaliweka mdomoni, kwenye tundu la mpira, akapuliza. Pande zote za jiwe zikatoka vipovu vyembamba. Akanyoosha mkono achukue la pili.

Jiwe la pili lilipuliza nusu. La tatu lilipoguswa lilivunjika, likabaki mchanga mkononi mwake. Mengine yalikuwa yamechoka. Siki ilikuwa imeyala kwa ndani, na ile mitikisiko ikayamaliza. Kila sonara alipofungua kifuniko hatukujua tutakuta jiwe au mchanga.

Ndipo zikaanza mbio. Shemeji alibaki sokoni anasafisha, mimi nayabeba yaliyopona na pikipiki, nayafunga kwenye mipira, narudi. Safari ya kwanza nilimkuta mama yetu stoo, kanga kaifunga kiunoni, anamwaga maji kwa jagi huku akiwatukana samaki wasife. Safari iliyofuata nilimkuta dada. Alikuwa ameomba ruhusa kazini, bado yumo kwenye sare yake nyeupe, imelowa mpaka kifuani. Alinyoosha mkono bila kunitazama. "Yako wapi? Lete."

"Dada, nisamehe kwa..."

"Nimesema lete."

Jua lilikuwa kali ajabu. Tulipeleka mawe kwenye tangi moja, vipovu vikaanza kuchemka vizuri, na samaki wakashuka taratibu kutoka juu kama watu wanaorudi kukaa. Tukaliwahi na la pili. La tatu hatukuwahi. Mawe yaliyobaki sokoni yalikuwa yanavunjika moja baada ya jingine, na mashine ya sonara ilipata moto, akaizima. Shemeji alimwomba aiwashe tena. Alimwomba mpaka akapiga magoti kati ya kabati za dhahabu. Yule mama alikaribia kulia naye. "Baba, ikiungua sina nyingine. Nihurumie na mimi."

Shemeji alirudi kwa miguu. Hakunisubiri. Aliingia stoo jasho likimtiririka, akapita kwenye matangi mawili yaliyopona kama hayaoni, akaenda moja kwa moja kwenye lile la tatu, la samaki wazazi. Walikuwa wameelea ubavu. Samaki mkubwa anahitaji hewa nyingi kuliko kifaranga, na sisi, watatu wenye majagi, tulikuwa tumekimbilia wadogo. Mama Mkwe alikuwa bado anafungua mdomo, mara moja, kisha kimya kirefu, kisha mara moja. Shemeji aliingia ndani ya tangi na viatu vyake. Akamkumbatia kwa mikono miwili akawa anamsukuma mbele na nyuma ndani ya maji, ili maji yapite kwenye mashavu yake, mbele na nyuma, mbele na nyuma. Hakuna aliyethubutu kumwambia aache. Mama yetu, ambaye hakulipenda lile jina, alisimama pale na jagi lake akisema, "Pole baba. Pole mwanangu. Pole." Mwishowe dada ndiye aliyeingia majini na sare yake, akamshika mumewe mabega.

"Ameshakufa," akamwambia. "Mume wangu, ameshakufa. Mwachie."

Akamwachia.

Siwezi kusema tulishinda. Bila samaki wazazi hakuna vifaranga wengine, na kuwakuza wazazi wapya ni kazi ya misimu. Mawe yaliyopona nayo yalianza tena kuziba, maana chokaa ilikuwa ile ile. Sonara alimruhusu shemeji kuleta machache machache siku asizokuwa na wateja, mpaka alipochoka na harufu, akamwambia kwa adabu asirudi. Shemeji hakubisha. Jino lile liling'olewa na yule daktari. Kwa muda dada alikuwa hasemi naye vizuri, si kwa ajili ya samaki bali kwa ajili ya kliniki, kwa aibu ya kuonekana na wagonjwa wake. Kuna jioni nilimkuta shemeji amerudi kwenye kile kiti cha barazani, mikono juu ya magoti, nikaogopa kuliko siku ile ya jua.

Vifaranga wa matangi mawili walikua. Walipofikia kidole tuliwatia kwenye mifuko ya plastiki iliyojazwa hewa, tukawapeleka kwa mwenye bwawa aliyekuwa anawasubiri. Bwawa kubwa, maji ya mto, yana matope na majani pembeni. Shemeji aliingia mpaka magotini, akafungua mfuko mmoja baada ya mwingine, akauinamisha polepole. Samaki walitoka kwa kundi, wakageuka mara moja, wakapotea kwenye ule weusi.

Mwenye bwawa alisubiri tuondoke. Mimi nilikuwa nimeshakunja mifuko. Shemeji alibaki pale pale ndani ya maji.

"Mzee, unasubiri nini tena?" yule mtu akamuuliza.

"Nataka nione kama watapanda juu."

Tulisimama wote watatu tukitazama uso wa maji. Upepo uliukunja kidogo, ukatulia. Hakuna mdomo uliotokeza. Akasimama hivyo mpaka miguu yake ikaanza kutetemeka kwa baridi, ndipo akanipa mkono nimvute atoke.

Njiani kurudi, nyuma yangu kwenye pikipiki, alisema kitu ambacho upepo ulikichukua. Nilipunguza mwendo nikamwuliza alisema nini.

"Nimesema nina njaa," akasema.

Tukasimama kwenye mgahawa wa kwanza tulioukuta, akala sahani yake akaimaliza, akala na yangu.